Mzani wa Jikoni

Orville Tangen aliingia na theluji mabegani,
akaiweka mezani imefungwa ndani ya soksi.
Soksi ya sufi, ya zambarau, ya mguu mdogo.
Sikuuliza.
"Verna," akasema, "hii inapiga kama chafya.
Nataka ipige kama mlango."

Niliipima kwenye mzani wa jikoni,
ule ule niupimiao unga wa mkate:
gramu mia tano na sitini, bila risasi.
Bastola ya milimita tisa, kiunzi cha alumini,
iliyobuniwa kwa ajili ya mfuko wa koti
na kwa matumaini kwamba haitatolewa humo.
Sasa anataka milimita kumi.
Mtutu mpya, springi ngumu, kitelezi kizito,
vyote vilikuja kwa posta kutoka Ohio,
kila kipande na karatasi yake yenye mafuta
kama sambusa za harusi ya watu wengine.

"Dubu," akasema. "Amekuja kwenye mizinga mara mbili."
Dubu wapo. Bonde la Lemhi halifanyi mzaha.
Oktoba, Pruitt alimkuta mmoja garini mwake,
amekaa kiti cha dereva, anatafuna mkanda.

Mtu hudhani nguvu ni ya kuongezwa tu, kama chumvi.
Lakini ukibadili risasi
umebadili swali unalokiuliza chuma,
na chuma hakijui adabu ya kukaa kimya.
Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi:
anayeagiza teke siye wa kwanza kupigwa.
Kitapigwa kiunzi, zitapigwa pini,
itapigwa reli nyembamba kuliko ukucha,
kisha kile kifundo cha mkono wa kulia
kilichovunjika mwaka alipotupwa na farasi
na hakikuunga sawa.

Nilimwambia hayo. Alitazama dirishani.
Nikafanya kazi. Ndiyo kazi yangu.
Siku mbili za jiliwa, tupa, taa,
na redio iliyokuwa ikikoroma habari za bei ya ng'ombe.

Siku ya tatu nikaipeleka kwenye shimo la kokoto.
Risasi ya kwanza: kunguru wakahama.
Ya pili: meno yangu yakagongana.
Ya tatu, ya nne, nikaanza kuipenda, nakiri,
namna mtu anavyompenda mlevi anayecheza vizuri.
Baada ya ya saba kitu kikabadilika mkononi.
Si sauti. Ni kama mtu aliyekuwa anakusikiliza
ameacha kusikiliza.

Chini ya lenzi: ufa,
kutoka tundu la pini kushuka kwenye mpini.

Orville akainama, akatazama muda mrefu.
"Unywele," akasema.
Akalowesha kidole kwa mate, akaufuta.
Akaufuta tena.

Ndipo aliposema ilikuwa ya Marlys.
Miaka kumi na moja aliibeba akichuma matunda mlimani,
ndani ya soksi hiyo, chini ya ndoo,
na hakuifyatua hata mara moja.
Mizinga pia ilikuwa yake.
"Nilitaka tu," akasema, akaishia hapo,
akaifunga na kuifungua zipu ya koti lake.

Swali moja kuhusu soksi lingetosha.
Mimi fundi, mjuzi wa uzito,
nilipima kila kitu isipokuwa hicho.

Mtutu wa zamani nilimrudishia bila malipo.
Kiunzi hakirudi; alumini ikishapasuka imesema.
Nikampigia simu jamaa wa Salmon
auzaye nyaya za umeme za kuzungushia mizinga,
na Aprili Orville akaniarifu kwamba dubu aliugusa waya kwa pua,
akalia kama mtoto aliyenyang'anywa,
akakimbia akiacha kinyesi chake barazani.
Alicheka akisimulia. Kidogo.

Lakini hiyo ni Aprili.
Jumamosi ile nilisahau kuosha mzani.
Mkate ukanuka mafuta ya bunduki, tena sana.
Nilimkatia kipande, nikapaka siagi.
Aliula wote,
kwa mkono wa kushoto.